Namba za Mama Anandumi

Mlima haujaonekana tangu Jumatatu,
lakini maji ya mtaro wa Majengo yanajua ulipo.
Yanateremka yakiupa mgongo,
nami dirishani nayatazama nikisema:
kazi yangu ndiyo hii.
Kusoma mteremko. Kuapa kwamba kilele kipo.

Sina maabara. Nina meza ya mninga
yenye mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kipande cha sabuni ya mche;
nina penseli, na risiti za duka la pembejeo
ninazozigeuza upande mweupe;
nina kiini kimoja cha atomu ambacho sitakigusa maishani.
Chenyewe hakimalizi sekunde moja duniani.
Mimi huu mwaka wa tatu nakihesabia.

Mwenye nyumba akileta chai hachungulii, anasoma kabisa.
"Na hizi ulizozizungushia duara?"

Mbili, nane, ishirini,
ishirini na nane, hamsini,
themanini na mbili,
mia na ishirini na sita.

Nikamwambia, Mama Anandumi, debe shinda haliachi kutika.
Kiini kikizifikia namba hizi kimejaa pomoni,
kinatulia, hata ukikitikisa—

Hakungoja nimalize.
Jioni alizipeleka kwa Kileo wa kona, kwenye bahati nasibu.
Mia na ishirini na sita ikakataliwa, tiketi mwisho wake tisini.
("Hata serikali inaiogopa namba yako.")
Ikatoka nane peke yake.
Elfu mbili yake akaiongeza kwenye kodi yangu.

Umeme ulipokatika tukakaa kwenye kizingiti.
Kitendawili.
"Tega."
Wanachukiana, wanasukumana, na kitanda ni kimoja.
"Wake wenza."
Sivyo.
"Wagombea udiwani."
Sivyo. Nipe mji.
"Chukua Moshi, na deni lake la maji."

Moshi nimekwenda, nimefika hadi stesheni ya reli,
nimekula mtori Kiboriloni, nikazikuta protoni:
chaji moja, chuki moja,
na bado hazitawanyiki,
kwa kuwa ipo kani nyingine, kali kuliko chuki,
fupi kuliko mkono.
Humkamata jirani wa ukuta mmoja.
Wa mlango wa tatu haimtambui.

Alinyamaza hadi nikadhani amesinzia.
"Ndetaulo alipofiwa," akasema,
"aliyemwogesha mtoto ni mimi,
na hatukuwa tukisemezana tangu ugomvi wa kamba ya kuanikia.
Wa mtaa wa pili walituma pole kwa simu."

Hiyo, nikasema. Hiyo hasa.
Nikatamani kumnukuu chini ya mlinganyo wa nne.

Lakini karatasini kiini changu hakishikani.
Mwezi wa nne sasa, kila nikijumlisha
nishati inabaki juu ya sifuri,
na kila kilichomo kinashika njia yake
kama wageni harusi iliyokosa chakula.

Saa kumi usiku, mshumaa umebaki kisigino,
nikaifungua risiti ya kumi na moja.
Nyuma yake: mbolea, mifuko miwili.
Mbele yake, ndani ya mkunjo,
alama ya kutoa, kijistari kama kipande cha unyasi,
niliyoiacha nikinakili.
Miezi minne. Kwa unyasi.

Nikairudisha mahali pake. Nikajumlisha kwa mkono unaotetemeka,
nikajumlisha tena kwa kuanzia mwisho.
Ikashuka chini ya sifuri. Kidogo. Unywele.
Huko mbali wenye mashine watakipima siku moja,
na huenda wakanikanusha kabla ya chai ya saa nne.

Nikagonga ukuta.
"Kuna nini?"
Kimeshika!
"Nani kashikwa?"
Kiini, Mama. Kimeshikana.
Kitanda chake kikalia, kikatulia.
"Haya. Kizime sasa,
mshumaa huo ni wangu."